Ushindi wa Nne

Hilary Bebbington alishuka garini saa moja asubuhi, akakanyaga mavi ya kondoo, wala hakujisumbua kukasirika. Mtu akishaendesha gari kwa saa mbili katika mvua ya Oktoba, tena Jumapili, tena baada ya wiki nzima ya kuwainua na kuwalaza wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, hasira huwa anasa. Alipangusa kiatu kwenye nyasi, akafungua mlango wa nyuma. Digby alikuwa amesimama ndani ya kizimba chake, mkia unapiga kushoto na kulia.

"Wewe huchoki?" alimwuliza.

Digby alikuwa na miaka kumi. Baba yake alikuwa mbwa wa kuchunga kondoo, mama yake hakuna aliyemjua vizuri, na yeye mwenyewe akatokea mweusi, sikio moja limesimama na la pili limelala. Miaka tisa sasa alikuwa akiruka viunzi, kupita kwenye handaki la turubai, kupanda na kushuka ubao wa juu, na kujipenyeza katikati ya nguzo kumi na mbili bila kukosa hata moja. Katika mashindano hayo ya mbwa, yeye na Hilary walikuwa daraja la sita. Walishashinda mara tatu katika daraja hilo, na ushindi wa nne ungewapandisha la saba, ambako hakuna tena pa kupanda. Huo wa nne walikuwa wakiutafuta mwaka wa pili huu. Mara ufito wa kiunzi unaanguka, mara wanapitwa kwa nukta ya sekunde na binti mwenye magoti mazima. Haya yalikuwa mashindano ya mwisho ya msimu, na mwakani Digby angekuwa wa miaka kumi na moja. Kila mtu pale uwanjani alijua kwamba ni leo au basi.

"Umepauka kama unga, shoga," alisema Lorraine, aliyekuwa amekwishafungua kiti cha kukunja na chupa ya chai. Lorraine walikutana naye kwenye foleni kama hii miaka tisa iliyopita, na tangu hapo hawajawahi kuonana mahali pasipo na mbwa. "Umelala kweli wewe?"

"Nitalala Novemba."

"Kula mkate niliokununulia kabla haujapoa. Nyama ya nguruwe ya leo angalau imeiva. Na Digby je, anakaa?"

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Katika mchezo huu mbwa huketi nyuma ya kiunzi cha kwanza na kungoja, mwenye mbwa akatangulia hatua sita au saba, kwa sababu hakuna binadamu anayeweza kushindana mbio na mbwa wakianzia pamoja. Digby alikuwa akiketi pale kama kitu kilichopigiliwa misumari. Kuanzia Agosti akaanza kuinuka. Anaambiwa kaa, anakaa, ukigeuza mgongo amesimama.

"Anakuchezea huyo," Trevor, mwalimu wao, alikuwa amesema. "Mbwa mzee ana ujanja wa mzee. Ukimwachia mara moja tu umekwisha." Basi kila jioni, akirudi kazini na miguu imemvimba, Hilary alimtoa Digby bustanini na vipande vya jibini mkononi. Kaa. Simama. Kaa. Mara ishirini. Na katika wiki mbili za mwisho alikuwa amempandishia sauti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu alipomleta nyumbani ndani ya kofia.

"Atakaa," alisema.

Hakukaa. Katika mzunguko wa asubuhi Digby aliinuka mstarini, akajongea, akaanza vibaya na kuuangusha ufito wa kiunzi cha pili. Mwamuzi akanyoosha mkono juu: alama tano za makosa, na asubuhi yote ikawa imekwenda na maji. Ukabaki mzunguko mmoja, wa alasiri.

Lorraine alikuwa amewapiga picha za video kwa simu, kama wanavyofanyiana wote. Watu wa mchezo huu wana imani moja wasiyoihoji: mbwa hakosei, anayekosea ni mwenyewe. Kwa hiyo ufito ukianguka huinama juu ya simu na kujikagua wao. Bega liligeuka mapema. Mkono ulichelewa. Wanaweza kutazama picha za mbwa msimu mzima wasimwone mbwa.

"Bega lako hilo," Lorraine alisema.

"Na mguu umeelekea kule," alisema Hilary.

Wakakubaliana kwamba ni bega. Saa nane wakaruhusiwa kuikagua njia mpya ya mzunguko huo bila mbwa, watu arobaini wakizunguka na kupunga mikono hewani kama waliovamiwa na nyuki, na Hilary akajikokota katikati yao akihesabu hatua. Njia ilikuwa nzuri. Ilikuwa ya kona nyingi, ya mbwa mwenye akili kuliko mwenye kasi, na vijana wenye mbwa wa moto walikuwa wakitolewa mmoja baada ya mwingine. Katika foleni, mbele yake zikiwa zimebaki zamu nne, Lorraine akamwekea simu mkononi tena.

"Tazama bega mara ya mwisho, liingie kichwani."

Hilary akatazama. Lakini alikuwa amechoka kujiona, amelichoka hata lile koti lake la bluu lenye mgongo uliojikunja, na macho yakamteleza yenyewe hadi pembeni chini, alikobaki Digby. Kwenye picha yeye mwenyewe alikuwa amekwishageuka na kuanza kwenda. Digby alikuwa peke yake mstarini. Aliteremsha makalio, akasita nusu ya njia, akautupa mguu wa kulia nje ndipo akaketi, upande mmoja. Akajilamba pua. Akainuka polepole. Akautazama mgongo wa Hilary unaokwenda zake, akateremka tena. Akainuka. Akateremka tena. Katika hatua sita za Hilary alijaribu mara tatu.

"Lorraine. Hebu tazama hapa."

"Bega?"

"Tazama mbwa."

Lorraine akatazama. Akairudisha video nyuma, akatazama tena.

"Labda nyasi zimelowa," alisema.

"Mara tatu, Lorraine. Anataka kukaa, hawezi. Ni nyonga. Na mimi wiki mbili hizi nampigia kelele."

"Nisikilize." Lorraine alimshika mkono. "Ni sekunde thelathini na tano. Usimkalishe, mwanzishe hivyo hivyo amesimama. Kesho asubuhi mpeleke kwa daktari wa wanyama, nitakwenda nawe. Lakini njia hii ni yake, shoga yangu, wenzake wote wameanguka. Ukiiacha leo..."

Hakuimalizia, wala haikuhitaji kumaliziwa. Hilary aliutaka ushindi ule. Aliutaka vibaya, na aibu ya kuutaka ikamchoma wakati huohuo. Kwenye ncha ya kamba yake Digby alikuwa akitetemeka kwa hamu na kulia kama mtoto anayeona wenzake wanacheza.

"Bebbington na Digby, ingieni!"

Angeweza kugeuka na kuondoka. Hakuwa na nguvu za kumburuta mbwa anayelia kutoka mlangoni mwa uwanja mbele ya watu wote wale. Akaingia. Akamvua kamba, mwamuzi akaashiria kwa kichwa kwamba waanze, na Hilary hakutamka lile neno, kaa. Akaondoka naye mbio ubavuni, akakipita kiunzi cha kwanza kwa nje, akakipita cha pili, moja kwa moja hadi mdomo wa handaki, ambako hapana cha kuruka.

"Ingia!"

Mwamuzi akakunja mikono kifuani kwa alama ya msalaba. Wametolewa kwa kuviacha viunzi viwili.

"Loo, kasahau njia maskini," mtu alisema nje ya kamba za uwanja.

Digby akatoka upande wa pili masikio yanapepea, hakuna mbwa mwenye furaha kama yeye mkoa mzima. Mbele yake palikuwa na kiunzi cha tatu. Akageuza kichwa kuutafuta mkono wa Hilary, kwa sababu mkono unakonyooka ndiko mbwa hurukia, na hilo alikuwa amefundishwa kabla hajamaliza meno ya utoto. Hilary akaitia mikono yote miwili mifukoni.

"Basi, Digby. Njoo. Tumemaliza."

Digby akakitazama kiunzi, akamtazama Hilary. Akabweka mara moja, akikumbusha. Hilary aliibana mikono mifukoni mpaka vidole vikauma. Ndipo Digby akarudi, si mbio tena, masikio yote mawili yamelala, akija kama mbwa aliyekwisha jua kwamba kuna kitu amekiharibu. Akafika mbele ya viatu vyake. Hakuna aliyemwambia. Akateremsha makalio, akasita nusu ya njia, akautupa mguu nje, akakaa. Kisha akainua macho kuona kama safari hii amepatia.

"Simama," alisema Hilary. "Simama, baba. Simama."

Hakusimama. Alibaki palepale anatetemeka, anashikilia, kwa kuwa jioni zote zile alikuwa amefundishwa kwamba asiinuke. Hilary akapiga magoti kwenye matope, akapitisha mikono chini ya tumbo lake, akamwinua mwenyewe. Alikuwa mzito kuliko alivyodhani. Mwamuzi aligeuka akajishughulisha na karatasi zake, na mbwa wa zamu iliyofuata akangojeshwa.