Kiwiko cha Tusekile

Usiku wa jana niliota lenzi zangu tatu zimetangulia kwa Mzee Mwaipasi bila mimi, zimeketi mkekani uwanjani, zinakunywa chai. Nilichukia kidogo, maana mpiga picha ni mimi, na niliyealikwa ni mimi.

Kazi yenyewe ni ya kweli, ya leo asubuhi, nayo ilininyima raha wiki nzima. Kwetu Tukuyu ziko koo ambazo bado zinashika heshima ya mkwe: mke wa mwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe, hapiti alipo, hatamki jina lake, na mzee vilevile. Tusekile ameolewa na Lugano, mwana wa Mzee Mwaipasi, miaka tisa sasa, na katika picha zote za ukoo hayumo. Mwaka jana nilijitia hodari kumwingiza. Nilimweka mwisho kabisa wa mstari, watu ishirini kati yake na mzee, kisha nikapiga ule ukelele wetu wapiga picha: "Sogeeni katikati!" Wote wakasogea kwa mzee. Tusekile, kwa adabu zake, akarudi nyuma hatua moja. Picha ilipotoka, kilichoingia ni kiwiko chake tu.

Sasa keshokutwa mzee anapelekwa Mbeya kupasuliwa. Lugano aliniambia kwa sauti ya chini, "Dada Subilaga, sijui kama atarudi. Naomba watoto wangu wawe na picha moja tu yenye mama yao na babu yao."

Basi ndotoni nimesimama na kamera yangu ya mbao, ile kubwa ya miguu mitatu niliyoachiwa na baba mdogo. Mgongoni mwangu kuna korongo. Siwezi kurudi nyuma hata unyayo mmoja, na watu wamejipanga kutoka mgombani hadi zizini.

"Nani anaanza?" nauliza.

Lenzi ya kwanza, Tisini, anayeitwa kwa namba ya milimita iliyoandikwa ubavuni mwake kama wenzake, anaweka kikombe chini, anajifuta mdomo. Ni mwembamba, safi, anaongea kama karani wa mahakama.

"Mimi simpindi mtu," anasema. "Ukuta unabaki ukuta, pua inabaki pua. Ila asiyeingia kwangu hayupo."

"Hayupo pichani," namsahihisha.

"Hayupo."

Namfunga kwenye kamera. Papo hapo watu saba wa upande huu wanatoweka, na watano wa upande ule. Kwa Tusekile kinabaki kiwiko tu, kinaning'inia hewani karibu na mgomba.

"Tusekile, upo?"

Kiwiko kinakunjuka kidogo, kwa heshima. Namtoa Tisini haraka. Watu wanarudi wakiulizana walikuwa wapi, na mmoja anadai huko alikokuwa kulikuwa na baridi.

Sabini na Tano ni mnene, mpole, hataki ugomvi na mtu. Anachora duara la nuru uwanjani pote, anajipangusa mikono. "Nimewapa nilichonacho," anasema. "Usinihamishe tu."

Lakini paa la nyumba limekatwa na duara, kwa hiyo namwinua kidogo, upana wa kidole. Duara lote linahama. Nje ya mstari hakuna giza, hakuna kitu chochote. Kuku anavuka akilia, na nusu ya kilio chake haifiki. Tusekile ana mguu mmoja ndani ya duara, na ule wa nje siuoni.

"Dada, hata hivi natosha," ananiambia. "Usijisumbue."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kile kiwiko.

Amebaki Sitini na Tano. Ni mfupi, jicho limemtoka, ananiangalia hata akiwa amenipa kisogo. Kumbe ndivyo zilivyo hizi lenzi, namba inavyopungua ndivyo jicho linavyopanuka. Ili akae sawa inabidi niubane mfuko wa kamera, ule ulio kati ya lenzi na kioo cha nyuma, mpaka mikunjo yake yote igusane.

"Nibane pumzi mpaka lini?" kamera inauliza.

"Mpaka Tusekile aingie."

"Haya."

Ndipo kila kitu kikaingia. Watu wote waliingia, na mgomba, na zizi, na mashamba ya chai ya ng'ambo ya barabara. Mlima Rungwe ukapiga hodi, ukakaribishwa, ukasimama nyuma ya nyumba ukiwa mdogo kama fungu la mahindi. Ninainama chini ya kitambaa cheusi kutazama kioo cha nyuma, na wote wamepinduka vichwa chini, kama kawaida ya kamera hizi. Ninatoa kichwa nje. Uwanja nao umepinduka. Ukoo mzima umesimama juu ya mbingu, bibi wamebana vitenge kwa magoti, wanazungumza habari za mvua.

Miaka kumi na moja nimeishi na kamera hii, na sijawahi kuogopa kwa furaha namna ile. Machozi yalinitoka, yakapanda juu.

"Wamo wote," nasema.

"Wamo," anasema Sitini na Tano. "Lakini mtazame wa pembeni."

Natazama. Kwa Mzee Mwaipasi ni saa sita ya mchana, hata mikunjo ya koti lake inahesabika. Kadiri ninavyopeleka macho pembeni ndivyo jua linavyoshuka, na kwa Tusekile limekwisha kuzama. Pia amepanuka, bega lake moja ni pana kama mlango. Uso wake siuoni kabisa.

"Umemfanya nini?"

"Bega utanisamehe, wa pembeni kwangu huvutika. Na nuru inatembea kwa miguu, mama. Ya katikati inafika mapema, ya pembeni inafika imechoka. Ukitaka zilingane, wa katikati apunguziwe."

Nani atamwambia mwenye mji, siku mbili kabla ya kisu, kwamba apunguziwe? Mimi nilijitia kukaza skrubu iliyokwisha kukazwa.

Mzee akaanza kutembea mwenyewe. Anakuja juu ya mbingu, taratibu, fimbo yake ikigonga mawingu, shingo imenyooka ili macho yasimwangukie mkamwana. Anasimama mbele ya lenzi.

"Mwanangu," ananiambia, "mimi wamenipiga picha tangu nina meno yote. Yule wa kule, mwambie asirudi nyuma."

Nageuka. "Tusekile, mwenye mji anasema usirudi nyuma."

"Mwambie ndaga," anajibu, akishukuru kwa lugha ya nyumbani. "Mwambie nimesimama."

Namwambia. Mzee anaitikia kwa kichwa, kisha anatia kidole gumba katikati ya lenzi, anakigandamiza. Sitini na Tano hapepesi jicho. Saa sita inamtoka mzee usoni, inashuka mabegani, inatiririka juu ya wajukuu na mashemeji, mtu kwa mtu, mpaka inafika kwa Tusekile. Anaonekana. Ana kidoti shavuni ambacho katika miaka tisa sijawahi kukiona. Anacheka.

Mzee karudi mahali pake, kwenye kivuli, na hakuna aliyewahi kuonekana mkubwa kama alivyoonekana pale.

"Nuru ni kidogo sasa," lenzi inanong'ona. "Hesabu hadi nne, na watulie."

Nikahesabu. Moja, ndizi zikaiva. Mbili, watoto wa Lugano wakarefuka. Tatu, chai ikachumwa, ikachipua, ikachumwa tena. Hakuna aliyetikisika hata kope. Nikasema nne, nikaamka.

Jua lilikuwa dirishani na jogoo wa jirani anapiga kelele zake. Nilifungua sanduku kuandaa vifaa. Sitini na Tano, niliyemfuta mwenyewe jana jioni akang'aa, ana alama ya kidole gumba katikati kabisa ya kioo. Nilipima na changu. Changu chote kiliingia ndani yake, na nafasi ikabaki.

Nilishika kitambaa cha kufutia kwa muda mrefu. Kisha nikakirudisha mfukoni, nikamfunika Sitini na Tano vilevile alivyo, nikawaacha wenzake wawili mezani.