Kilichobaki Kwenye Utando

Maabarani walimwita Barafu, na jina lilimkaa. Hakuna aliyewahi kumwona akigusa nyama ya moyo bila ndoo ya barafu kando yake. Tena, siku mashine ya kuzungusha sampuli ilipopasuka na wenzake wakatoka mbio, yeye aliinuka, akazima umeme ukutani, akarudi kwenye hesabu zake. Jina hilo alipewa na wifi yake, mke wa mdogo wake wa kiume. Ni Barafu aliyemwingiza wifi katika kazi ile, akamfundisha kushika pipeti, mrija wa kupimia matone, mpaka akaizoea.

Kwa miaka mingi Barafu alifuata swali moja. Seli ya msuli wa moyo hupokea amri kutoka nje: kaza, harakisha, tulia. Ndani yake kuna vimeng'enya vinavyoipokea amri na kuipitisha mbele. Lakini kimeng'enya kinachoelea ovyo ni tarishi asiyepewa anwani. Atabisha kila mlango na kuamsha mtaa mzima. Lazima kishikwe kwenye utando unaoizunguka seli, jirani na lango linalohusika. Kinashikwa na nini? Barafu alisema kinashikwa na protini fulani, ambayo aliiita kishikizo. Alisaga moyo mbichi wa ng'ombe kutoka machinjioni, akautenga utando, akausuuza kwa maji ya chumvi tena na tena. Kimeng'enya hakikubanduka.

Mzee aliyeongoza kikundi cha utafiti wa misuli alikuwa anastaafu. Nafasi yake ingejazwa baada ya wasilisho la Alhamisi, na hata mfagiaji alishaanza kumwita Barafu "mkuu". Jumatatu ya wiki hiyo wifi alikuja kula kwa Barafu. Akamsikiliza akilifanyia mazoezi wasilisho lote jikoni, huku akimenya vitunguu.

"Hapo pa kishikizo, wifi, watabaki midomo wazi," alisema, akifuta machozi ya vitunguu kwa kiwiko.

"Huoni tundu?"

"Tundu la wapi? Nenda kachukue kiti chako."

Alhamisi ukumbi ulijaa. Barafu alimaliza, watu wakapiga makofi, mzee akauliza kama kuna maswali. Mkono ukanyooshwa safu ya tatu. Alikuwa wifi.

"Langu dogo tu. Wakati wa kusaga, uliweka golikipa?"

Watu wachache walicheka. Golikipa ni jina la utani la dawa inayodaka kalsiamu. Kisha kicheko kikafa, kwa maana waliokuwa pale walijua swali linakwenda wapi. Msuli ni ghala la kalsiamu. Ukiusaga, ghala linapasuka na kalsiamu inamwagika. Kimeng'enya kile kikikutana na kalsiamu hukimbilia utando na kuung'ang'ania, hata kama katika seli hai hakikuwa hapo. Mtu anayetumia ini hana haja ya kuhofia sana. Wa msuli anapaswa kuhofia. Barafu aliiacha dawa hiyo kwa sababu ilikuwa ikivuruga kipimo chake cha mwisho, akaamini kwamba baridi inatosha.

"Sikuweka," alijibu.

"Mimi niliweka," wifi alisema. "Kimeng'enya kikabaki kwenye maji. Naomba picha yangu."

Picha ikatokea ukutani. Ilikuwa tayari kwenye kompyuta ya ukumbi. Barafu alikusanya karatasi zake. Maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa ya jikoni, hayakufaa ukumbini.

Ijumaa nafasi ikatangazwa. Alipewa wifi.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema lolote kuhusu nguo uliyoifua na kuipiga pasi mwenyewe. Jumamosi Barafu alikwenda kwa mdogo wake akijua kwamba wifi yuko kazini. Mdogo wake ni fundi friji. Alimkuta sebuleni amelifumua friji la jirani, mikono imejaa grisi.

"Shikamoo, dada. Kaa hapo. Najua umeumia."

"Marahaba. Sikuja kulia."

"Lini ulilia wewe? Ila tuseme kweli, aliuliza kwa upole. Mwanzo swali lilikuwa kali mno. Mimi ndiye niliyemwambia apunguze."

Barafu alimtazama. "Mwanzo wa wapi?"

"Si hapa hapa." Alionyesha zulia kwa bisibisi, bado hajatambua siri aliyoimwaga. "Alikuwa anasimama pale, mimi nakaa hapo ulipokaa. Nakuwa wewe."

Barafu alikitazama kiti alichokalia.

"Ulipokuwa mimi," Barafu aliuliza taratibu, "ulijibu nini?"

"Nani?"

"Wewe. Ulipokuwa mimi."

Bisibisi ikashuka. "Sikujibu kitu, dada. Aliniambia ninyamaze. Alisema ndivyo utakavyofanya."

Barafu aliinuka kwenye kiti kile kana kwamba kina maji. Mdogo wake akamfuata mpaka mlangoni, akisema kwamba yeye mambo ya maabara hayajui, kwamba alidhani ni mtindo wao kuulizana hivyo, kwamba mke ni mke. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa uongo.

Angeweza kumwita wifi nyoka. Lakini tusi halimwambii mtu kimeng'enya kiko wapi. Jumatatu asubuhi alipita machinjioni, akanunua moyo ungali na joto, akaukata vipande viwili sawa. Kimoja alikisaga bila golikipa, kingine alikisaga nayo. Akazungusha, akatenga utando na maji, akapima.

Bila dawa, kwenye picha ya kipimo, mstari mweusi unaoonyesha kimeng'enya kilipo ulikuwa mnene upande wa utando, kama zamani. Penye dawa, mstari ulikuwa umehamia upande wa maji. Wifi alikuwa sahihi. Barafu alikaa na jambo hilo hadi likaacha kumchoma, kisha akaitazama picha upya. Upande wa utando palikuwa na kivuli. Akairudia picha, safari hii akaiacha ipokee mwanga kwa muda mrefu kuliko wifi alivyofanya. Kivuli kikawa mstari mwembamba. Akausuuza utando ule kwa chumvi, mstari haukuondoka. Akausuuza kwa sabuni, inayoyeyusha utando wenyewe, ukaondoka. Kimeng'enya kilichobaki kilikuwa kidogo, sehemu ndogo sana ya kile alichokitangaza. Lakini hicho hakikuletwa na kalsiamu. Kilikuwa kimeshikwa.

Habari za maabara hazina mlango. Kabla ya siku kwisha wifi alisimama kando ya meza yake, funguo mpya za ofisi ya mkuu mkononi.

"Nasikia kuna kilichobaki."

"Kipo."

"Nionyeshe basi. Hii sasa ni kazi ya kikundi."

"Utakiona kwenye wasilisho la Alhamisi hii, ukumbini. Kaa safu ya tatu."

Wifi alicheka kidogo, akaacha. "Wifi, usilifanye la kifamilia. Ukweli ni ukweli, popote utakaposemwa."

"Ni kweli. Hata Jumatatu ile ulikuwa ukweli. Ulikuwa nao jikoni kwangu, pamoja na vitunguu."

"Ningekwambia, ungerekebisha."

"Ndiyo."

"Na kiti ungekipata."

"Ndiyo."

Wifi alizigeuza funguo kiganjani. Angalau hakudanganya, na Barafu alimhesabia hilo.

"Picha ya kwanza Alhamisi," Barafu alisema, "itaeleza kosa langu na nani aliyelitambua. Nimeandika jina lako. Ni haki yako."

Uso wa wifi ulilegea. Akasogea, akaweka mkono kwenye ukingo wa ndoo ya barafu kama alivyokuwa akifanya siku zake za kujifunza. "Basi tumeelewana. Jumapili njooni nyumbani, mdogo wako hali chakula tangu uondoke. Eh, wifi?"

Barafu alichukua kichupa cha sampuli, akakizamisha katika barafu mpaka shingoni, akakifunga kizibo.

"Sampuli zangu hazipendi joto la mkono," alisema. "Naomba uutoe, mkuu."