Mkwaruzo Shingoni mwa Chungu

Chama cha Wafinyanzi kule Lyulilo kilipoamua kuwa na ngao yake kama Taifa lilivyo na yake, mwenyekiti Rut, mama Yusto, ndiye aliyetumwa Bondeni kwa mchoraji Kheri, apeleke chungu cha kuigwa. Wanachama walishakubaliana kiwe cha mwenzao Tusajigwe. Hakuna aliyebisha, maana vyungu vya Tusajigwe ni vyepesi na midomo yake imezunguka sawasawa. Rut naye aliitikia, "Haya, vizuri," huku moyo ukimchoma. Yeye ahangaikie chama jua na mvua, halafu ngaoni akae mwingine?

Kila mfinyanzi wa pale huminya alama yake shingoni mwa chungu udongo ukiwa mbichi, kwa sababu mtumbwi ukifika sokoni vyungu huwa vimechanganyika. Ya Tusajigwe ni nukta tatu. Kabla ya safari Rut alijifungia jikoni akazikwangua kwa kisu. Kuweka alama yake mwenyewe hakuthubutu. Alitaka tu ya mwenzake isionekane. Lakini chungu kilishachomwa, na kwenye ile rangi nyekundu pakabaki mkwaruzo mweupe. Naye Kheri, Mungu amsamehe, huchora anachokiona.

Siku ya uzinduzi mgeni rasmi kutoka wilayani alisimama mbele ya ngao. Mchoroni wanawake wawili waliishika kulia na kushoto, yule bwana wa ngao ya Taifa hayupo, kwani huko mwanamume hafinyangi. Chini mawimbi, juu mtumbwi, katikati chungu. Rut alieleza maana zake kwa madaha: ziwa ni njia yetu, mtumbwi ni soko letu, chungu ni kazi ya mikono yetu.

"Na huu mkwaruzo shingoni?" mgeni akauliza.

Rut akageuka kuwatazama wanachama. Mstari wa mbele, Tusajigwe alikuwa anakitazama chungu chake. Alishakijua zamani, nani asiyemjua mwanawe? Aibu ikampanda Rut kutoka miguuni hadi masikioni. Neno moja tu la yule mwanamke, na uenyekiti na heshima vingekwenda na maji.

Tusajigwe akainuka. "Mheshimiwa, tumefuta alama ya mtu mmoja ili chungu kiwe cha wote."

Vigelegele vikarindima. "Ndaga fijo, mama!" mgeni akashukuru, na katibu akayaandika maneno ya Tusajigwe kuwa maana rasmi. Rut alipiga makofi pamoja na wenzake, machozi yakimlenga. Heri angeumbuliwa kuliko kusitiriwa na mtu aliyemdhulumu.

Alitaka kumwomba radhi, lakini kila alipomkaribia alijikuta anauliza habari za watoto. Siku ya soko alishuka sokoni akakuta vyungu vimepangwa, na kila kimoja kimekwaruzwa shingoni. "Mama Mwenyekiti, ona, kama ngao yetu!" wanawake walimwambia kwa fahari. Rut hakujua aweke wapi uso wake. Vyake peke yake ndivyo vilivyobaki na alama, jani moja dogo, kwa kuwa kila aliposhika kisu mkono ulikataa.

Tusajigwe akaja akachuchumaa kando yake. Alikichukua kimoja, akakigeuza taratibu mpaka akaliona lile jani.

"Mama Yusto," akasema kwa upole, "mbona chako bado?"

Akamkabidhi kisu, akakaa kumsubiri.