Banda Safi Kupita Kiasi

Niliporudi safari nilimmwagia sifa dada yangu wa tumbo moja. Banda la simbilisi wangu, kijinyama kama panya asiye na mkia nilichomwachia akitunze, lilikuwa linang'aa, halina hata punje ya kinyesi.

"Nilikuwa nafagia asubuhi na jioni," alisema kwa macho makavu. "Na majani alikula mpaka akasaza."

Lakini simbilisi alikuwa amejikunyata pembeni, hataki kuguswa. Nikamwita daktari wa mifugo, akampapasa. "Tumbo ni gesi tupu," akasema. "Hapati choo kwa sababu hajala majani."

Nikakimbilia stoo. Mzigo wa majani makavu niliomwachia ulikuwa palepale, na fundo nililolifunga mwenyewe halijafunguliwa. Ufagio ulikuwa juu yake, umeshikwa na utando wa buibui.

Dada alikuwa sebuleni, anajigeuzageuza mbele ya kioo, amevaa gauni nililomletea la asante.