Bisibisi ya Kabatini

Siku mabamba ya titani ya kufungia mfupa wa kifua yalipofika hospitalini, Mkurugenzi alikata utepe, akapigwa picha, akatangaza kwamba enzi ya kufunga vifua kwa waya imekwisha. Bi Mkasi, muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji, alipiga makofi kama wenzake, kisha akafungua sanduku. Mabamba yalikuwamo, na skrubu zake zilikuwamo. Bisibisi ya kuzikazia haikuwamo.

"Bisibisi ni zana," Bwana Manunuzi alimweleza, kwa upole wa mtu ambaye kifua chake ni kizima. "Zana ni za karakana, mama. Andika ombi."

Akaandika. Karakana wakamletea ile ya kufungulia feni.

Angecheka, kama si yule mwalimu wa kitanda cha nne. Moyo wake uliopasuliwa wiki tatu zilizopita ulishapona, lakini mfupa uliofungwa kwa waya ulikataa kuunga. Waya ulikuwa ukiukata kama uzi unavyokata sabuni, na kila akikohoa, vipande viwili vya kifua vilisuguana vikalia ko! Mkewe alimpa mto aukumbatie, mwenyewe akageuza uso. Daktari alisema kesho atafunguliwa tena, na wakirudia waya, mfupa hautabaki na pa kushikia.

Jioni Bi Mkasi akaiona bisibisi. Ilikuwa nje ya ofisi ya Mkurugenzi, ndani ya kabati la kioo, imelazwa juu ya kitambaa chekundu. Wauzaji wa mabamba walikuwa wamempa Mkurugenzi kama zawadi, na zawadi ya bosi haifanyi kazi, inatazamwa. Ufunguo alikuwa nao katibu wake, na katibu alikuwa kwenye semina ya kuwahudumia wateja.

"Subiri Jumatatu, dada," mlinzi alisema. "Haraka haraka haina baraka."

"Kamwambie hivyo mwalimu akikohoa."

Akavua kiatu. Pigo moja lilitosha. Bisibisi ikapitishwa kwenye mashine ya mvuke, na asubuhi Daktari akakaza skrubu zote, moja baada ya moja.

Barua ilimfikia kabla mgonjwa hajaamka: ajieleze kwa nini ameharibu kabati la ofisi kuu. Hali ya mwalimu haikuulizwa popote. Bi Mkasi alikasirika hadi akairarua karatasi ya kwanza ya majibu.

Siku ya tatu alikuwa bado anahangaika na majibu, mwalimu akakohoa nyuma ya pazia. Bi Mkasi akangoja ule mlio. Kimya. Mwalimu akakohoa tena, safari hii kwa makusudi, akacheka. Mkewe akaangua kilio, na Bi Mkasi naye machozi yakamtoka.

Akaandika: "Nilivunja mimi. Mkirudishia kioo, nitavunja tena."