Urbano Hajaambiwa Akae

Bertilla alidai kwamba mumewe, Urbano, amesimama kwenye geti la kinu cha kusaga mahindi tangu Jumatatu asubuhi, na kwamba aliyemsimamisha ni meneja mpya, kwa neno moja la Kiingereza, kisha akapanda gari akaenda zake Dar es Salaam. Alidai pia kwamba mumewe hajala kitu. Hilo la kula halikuwa kweli. Coleta, jirani yake, aliuza uji wa ulezi pale pale getini, na ndiye aliyekuwa akimnywesha. Mengine yote yalikuwa kama Bertilla alivyosema.

Kinu kilikuwa cha ushirika mpaka serikali ilipokiuza. Aliyekinunua hakuonekana, alimleta meneja asiyejua Kiswahili. Hilo halikuwa tatizo, kwa sababu amri zake hazikuhitaji kueleweka. Akisema kwa Kiingereza beba, gunia lilikuwa mgongoni mwa mtu kabla mwenyewe hajajua ameambiwa nini. Mayunga, Msukuma aliyepanda kutoka Mtowisa kutafuta kibarua, alifagia ghala zima huku akiwauliza wenzake anafanya nini. Afisa mmoja alikuja, akatazama, akaandika kwamba wafanyakazi wa Sumbawanga wameupokea ubinafsishaji kwa moyo mmoja.

Coleta aliishia darasa la saba, ila alikuwa na subira ya kutazama. Aliona kwamba amri ikipita mdomo wa pili inaishiwa nguvu. Siku moja Isdori, karani, alitumwa kwa wapagazi waliokuwa wakinywa uji.

"Meneja amesema mkimbie mkapakie lori."

"Kwani kuna nini?" akauliza Mayunga, akaagiza kikombe cha pili.

Jioni Isdori alifundisha tuisheni ya Kiingereza kwenye ukumbi wa parokia. Coleta akaenda, akakaa nyuma. Somo lilikuwa kugeuza amri kuwa taarifa. Isdori alifuta alama ya mshangao ubaoni, akafuta na zile za kunukuu, akamweka mtu wa kusimulia kwamba fulani alimwagiza fulani. Wanafunzi wakanakili. Coleta akaona ni mambo ya nyumbani tu. Kwao mwanamume hasemi na mama mkwe uso kwa uso. Anamwambia mke, mke anafikisha, na mkwe akipenda anafanya, asipopenda hajasikia.

"Huyu tumfanye mkwe," aliwaambia wapagazi kesho yake.

Tangu hapo, meneja akitokea, walitia pamba masikioni wakampa mgongo kwa heshima. Meneja aliandika kwenye ripoti yake kwamba ni mila. Akawa anamwamuru Isdori awaambie, na Isdori, kwa kuwa ameamriwa, aliwaambia bila kukosa.

"Shemeji Isdori, mkwe anasemaje leo?"

"Anasema mfanye haraka."

"Mwambie tumesikia. Na shikamoo umfikishie."

Magunia yakaanza kwenda mwendo wa binadamu.

Aliyesahaulika ni Urbano. Mlinzi hukaa getini peke yake, hana wa kusimama katikati. Jumatatu ile meneja alimkuta ameketi juu ya tofali, akamwamuru asimame, akaondoka.

Kufika Alhamisi watu walishamzoea. Walimsalimia wakipita, madereva walimwuliza njia ya Muze, na mtu wa stoo alimtundikia shingoni kibao cha kuelekeza wageni. Bertilla alimfunga mablanketi mawili, maana upepo wa Julai hauulizi mtu umri. Magoti yalikuwa yamevimba. Lakini Bertilla hakulilia magoti. Jumapili wakwe watarajiwa walikuwa wanatoka Ilemba kuleta posa ya Evodia, binti wa Bertilla na Urbano, na baba hapokei posa amesimama. Akisimama, amewafukuza.

"Wakimkuta wima, Evodia hana ndoa," alimwambia Coleta. "Na wewe ndiye uliyewafundisha wenzio ujanja. Mfundishe na wangu."

"Wako alishaisikia amri mwenyewe, mama Evodia. Imemwingia mbichi."

Ijumaa Coleta na Isdori walikwenda posta kumpigia meneja simu. Isdori alieleza, akaitikia ndiyo mzee mara sita, wakarudi. Akasimama mbele ya Urbano, akakohoa.

"Meneja amesema ukae."

Urbano alisikiliza, akashukuru, akabaki wima.

"Rudia," akasema Bertilla.

"Amesema ukae, baba."

"Nimesikia, mwanangu. Hata mimi ningependa."

Mayunga alimkandamiza mabega kwa nguvu zote, magoti hayakukunjika. Coleta ndiye aliyeelewa kwanza. Ruhusa ya kukaa ilikuwa imefika kwa mdomo wa pili, na yeye mwenyewe alijua vya mdomo wa pili vinafanya nini.

Jumamosi mchana gari la meneja lilirudi. Urbano alilifungulia geti kwa kunyoosha mkono. Coleta aliweka birika chini, akasimama mbele ya gari. Kioo kikashuka. Isdori akaja mbio.

"Mwambie neno ni moja tu," alisema Coleta, "ila aliseme mwenyewe, akimtazama."

Isdori akalifikisha kwa Kiingereza cha adabu: kwamba mwanamke fulani alikuwa ameomba kwamba mlinzi aambiwe akae. Meneja alisikiliza kama mtu anayesikia taarifa ya hali ya hewa ya nchi nyingine, akarudi kwenye karatasi zake.

Coleta akazunguka, akainama dirishani. Kwa Kiingereza chake cha darasa la saba akasema tafadhali, mwambie wewe. Nyuma yake Bertilla alikuwa ameshika kigoda.

Isdori alimgeukia meneja, mdomo wazi, akingoja cha kufikisha. Kioo kilikuwa kinapanda, na Urbano alikuwa bado wima.