Soksi Sita za Shangazi

Naandika haya kwa heshima zote anazostahili marehemu, ambaye alikuwa punda.

Tulimwita Shangazi. Mzee aliyemchunga alitutambulisha siku ya kwanza ya safari ya milimani, nasi wanafunzi tukapanga foleni kumwamkia.

"Shikamoo, Shangazi!"

Akaitikia kwa chafya. Mzee alicheka mpaka akafuta machozi. "Hii ndiyo safari yake ya mwisho," alisema. "Tukirudi, habebi tena hata kikapu. Miaka kumi na tisa inatosha."

Asubuhi ya tatu nilitia mawe sita kwenye begi la kiranja wetu, kila moja nimelivisha soksi ili yasigongane. Nilitaka ayabebe mwenyewe mpaka kambini, akihema. Lakini kiranja alikuwa amechubuka kisigino, na mwalimu akaamuru begi lake libebwe na punda.

Sogi la punda lina mifuko miwili, mmoja kila ubavu, na lazima ilingane uzito. Mzee hakuwa na mizani. Alipima kwa mikono. Akakunja uso.

"We kiranja, umebeba nini humu, jeneza?"

"Nguo tu, mzee!"

"Basi zimelowa." Akafunga dumu la maji ubavu wa pili, kusawazisha.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale. Neno moja lingetosha. Lakini wenzangu niliowadokezea walikuwa wameshaziba midomo kwa viganja, nami nikaona haya kuwakatizia kicheko.

Kwenye mteremko wa changarawe Shangazi alipiga magoti. Alijaribu kuinuka mara mbili. Mguu wa mbele ulikuwa umevunjika. Mzee alikata kamba, begi likapasuka zipu, na soksi sita zikabingirika, kila moja na namba yangu ya bweni, kama mama alivyoishona.

Hakunitukana. Alitoa mawe, akazikung'uta soksi vumbi, akanikabidhi moja moja.

"Zako, mwanangu. Sasa wapeleke wenzako mbele. Msigeuke."

Hatukugeuka.

Mzee alitufikia baada ya saa nzima, peke yake, sogi zima limemlalia mabegani, mifuko yote miwili ikiwa imejaa. Nilimkimbilia.

"Nipe upande mmoja, babu. Tafadhali."

Hakusimama.

"Upande mmoja hautoki, mwanangu," alisema. "Ukitoka, wa pili utanilaza."